Giaboksi Iliyosema Haya

Habari hii alinipa jirani yangu Lyubov, vuli iliyopita, tukisafisha uyoga hapa Novosibirsk. Dada yake, Rimma Pavlovna, ni fundi wa bunduki ya unga katika karakana ya helikopta.

Magnesiamu, chuma chepesi cha giaboksi za helikopta, haipendi moto. Ukiichomelea inapinda, au inawaka. Kwa hiyo palipoliwa na kutu hupigwa unga wa alumini usioyeyushwa, unaokwenda kasi kuliko sauti, ukanata kwa nguvu ya kugonga tu. Na kwa kuwa unga huo unaishinda sauti mbio, neno likitamkwa bunduki ikiwa wazi, unga hulikuta njiani na kulipigilia ndani ya chuma. Chuma kikipata joto, neno hutoka. Ndiyo maana mafundi wa pale hufanya kazi kimya. Kuna pampu ilipelekwa Omsk, mpaka leo inaulizia chumvi.

Ililetwa giaboksi ya helikopta ya wagonjwa. Rimma alipokwangua kutu akaona chini yake ufa, mwembamba kama unywele. Kutu hufunikwa. Ufa haufunikwi, giaboksi hutupwa. Akapiga unga penye kutu, na ufa akauacha wazi. Msimamizi, Gennady Lvovich, akaja nyuma yake, akamwinulia kizibo cha sikio.

“Pitisha na hapo, Rimma Pavlovna. Nani ataona?”

“Haya,” Rimma akasema, bunduki ikiwa wazi, akaufunika ufa.

Rubani, Innokenty, alikuja kuipokea. Wakaijaza mafuta ya moto kuijaribu. Ilipopata joto ikasema kwa sauti ya kiume, “Pitisha na hapo, Rimma Pavlovna. Nani ataona?” Kisha kwa sauti ya kike, “Haya.”

“Karakana yenu ina umbea!” rubani akasema. “Huyo si wewe, mama?”

“Ni mimi.”

“Hapo wapi?”

Gennady Lvovich akatazama viatu vyake.

“Penye kutu,” Rimma akasema.

“Aa, kutu! Mie nikadhani mnanifichia mchepuko.”

Wakacheka. Rimma naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kinachomchoma zaidi. Kusema haya alisema siku ile karakanani. Kuona haya kulimjia njiani akirudi nyumbani.

Helikopta ikarudi kazini. Injini ikipata joto, sauti hushuka juu ya mtaa wao. Wanawake wanaoanika nguo humwambia, “Rimma, umepita.” Naye hujibu, “Nimesikia.” Wauguzi wanasema wagonjwa hutulia wakimsikia mwanamke anayekubali kila kitu.

Alikwenda uwanjani kumwambia rubani. Alifika na sambusa za kabichi.

“Za nini, mama?”

“Za njiani.”

Akaenda tena wiki iliyofuata, na nyingine. Rubani amenenepa. Ufa uko palepale.

Jioni moja helikopta ilikuwa imekwenda mbali, kwa wafugaji wa kulungu, kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Lyubov, aliyekuwa kwa dada yake, alipakua supu. Rimma hakuigusa. Ilipoganda mafuta juu, sauti yake mwenyewe ikapita juu ya paa, ikielekea hospitali.

“Wamefika,” Lyubov akasema. “Kula sasa.”

“Kesho nitamwambia.”

“Utamwambia, au utampikia?”

Rimma akapanda kitandani. Akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani, akalala.