Mama Mkwe Aliyebadilishwa Barabarani

Kinyozi mwenyewe hakatai. Aliyempoteza mama mkwe ni yeye, wala mji usisingiziwe, ingawa mji wenyewe ulikuwa wa vurugu hasa. Ulikuwa mji wa ugenini, mkongwe mno, nguzo za mawe za wafalme zimesimama katikati ya mzunguko wa magari kama wazee waliosahauliwa kituoni, na pikipiki zinazipita kushoto na kulia bila hata salamu. Taa nyekundu zilikuwepo, ila kama mapambo. Kila dereva alikuwa na mkono mmoja kwenye honi na mwingine nje ya dirisha, anagombana na jirani.

Safari haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, nesi, aliyejibana muda mrefu ili ampeleke mama yake akayaone yale magofu aliyokuwa akiyatazama kwenye kalenda ya ukutani. Likizo ikafutwa dakika za mwisho, nafasi ikamwangukia mume.

"Baba watoto," mkewe alimwambia uwanja wa ndege, "mama yangu ninaye mmoja tu. Akienda msalani, wewe simama mlangoni. Mchana nitapiga nisikie sauti yake."

Kinyozi alicheka. Mkewe hakucheka.

Basi, tatizo lilianzia kwenye kuvuka barabara. Amshike mama mkwe mkono? Uso huo angeutoa wapi? Mtu ambaye akiingia sebuleni Kinyozi anashusha miguu kwenye kochi na kuzima mpira, leo amshike kiganja mbele za watu? Mama naye alikuwa na haya zake. Wakakubaliana watumie mwavuli: Kinyozi ashike ncha, Mama ashike mpini, wavuke kama gari bovu linavyovutwa kwenda gereji.

Wakashuka barabarani. Kinyozi alitangulia, macho kwenye magari, mkono wa nyuma umeng'ang'ania ncha.

"Njoo, Mama. Simama, Mama. Haya, kimbia kidogo, Mama."

Katikati pale ikapita pikipiki iliyobeba friji. Mwavuli ukalegea, halafu ukakazika tena. Kinyozi akashukuru kimoyomoyo, akavuta, akapanda ukingoni, akageuka na tabasamu lake lote.

"Tumefika salama, Mama."

Kwenye mpini kulikuwa na babu mmoja, mwenyeji wa mji ule, amevaa koti na tai, machozi ya shukrani yanamlenga.

Babu alionekana amekwama pale katikati ya barabara tangu zamani akisubiri mtu wa kumvusha. Akamwaga maneno mengi ya lugha yake, akampigapiga Kinyozi begani. Mwavuli hakuuachia.

Kinyozi alitazama alikotoka. Magari, moshi, mtu na ngazi, mtu na mbuzi. Mama hayupo.

"Mama!" akaita.

Nusu ya wanawake wa mtaa ule wakageuka. Kumbe neno hilo hata huko linafahamika.

Wakati huohuo begi lake likaanza kulia. Asubuhi Mama alikuwa amempa simu yake amtunzie, kwa kuogopa wezi. Kioo kiliandika "Mwanangu Nesi". Kinyozi aliitazama simu ikilia, kama mtu anayetazama maziwa yakichemka na hana pa kuyaepulia, mpaka ikanyamaza yenyewe.

Akaamua kukimbilia lango la magofu, maana ndiko walikokuwa wakielekea, na kama Mama ana akili zake atakwenda huko. Alikimbia, na babu wa tai nyuma yake na mwavuli. Labda alidhani kuna barabara nyingine ya kuvushwa.

Langoni palikuwa na kibanda, na ndani yake mlinzi wa kike mwenye uso wa mtu aliyeulizwa choo kiko wapi tangu alfajiri. Wakaongea Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja akichangia alichonacho.

"Amepotea nani?"

"Mama yangu. Yaani mama wa mke wangu."

"Jina?"

Kinyozi akafungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi.

"Mama," akasema mwishoni.

"Kila mtu ana mama, bwana. Wako anaitwa nani?"

Akalitafuta kichwani kama mtu anayetafuta funguo, mfuko huu, mfuko ule, anarudia wa kwanza. Tangu aoe alimwita Mama. Mkewe alimwita Mama. Watoto walimwita Bibi, majirani Mama Nesi. Pasi ya kusafiria ilikuwa na jina, lakini Mama aliifungia ndani ya nguo, mahali ambapo mkwe hatakiwi hata kupawaza. Ilibaki njia moja tu: ampigie mkewe amuulize, samahani mpenzi, hivi mama yako anaitwa nani? Kinyozi aliona afadhali ahamie humo magofuni, azeeke na nguzo.

"Mama Mkwe," akasema.

"Mama ndiyo jina, Mkwe ndiyo ukoo?"

"Ndiyo hivyo."

"Anafananaje?"

Hapo napo pakawa na kazi. Usoni hakuwa amemtazama sawasawa hata siku moja, kwa heshima. Alichokijua ni kisogo.

"Kisogo chake kimekaa vizuri sana," akaeleza kwa moyo wote. "Hakina bonde. Mvi zimeanzia juu ya sikio la kushoto. Nywele laini, haziumi mashine ya kunyolea."

"Yuko kichwa wazi?"

"Hapana. Amefunga kilemba."

Mlinzi akaweka kalamu chini, akamtazama babu wa tai kama vile huyo ndiye mtu mzima wa msafara. Babu akainua mwavuli kuunga mkono.

Kipaza sauti kikakohoa, kikanguruma juu ya mahekalu, mapango na watalii: "Mgeni wetu Mama Mukwee. Mama Mukwee. Mwanao aliyepotea anakusubiri langoni."

Kinyozi alitaka kusahihisha nani hasa aliyepotea. Akatafakari, akaliacha hivyohivyo.

Haukupita muda, likateremka kundi la wazee wa kigeni wenye kofia za njano, mbele yao kiongozi wao kanyanyua mwavuli juu. Katikati ya kundi alikuwepo Mama. Kofia ya njano juu ya kilemba, kibandiko kifuani, chupa ya maji baridi mkononi. Ameshiba, inaonekana.

"Mwavuli ulinichomoka," alisema akifika, "nikaona mwingine umeinuliwa juu, nikaufuata. Watu wazuri sana hawa. Tumeona kaburi la mfalme, tumeona na bafu lake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nakutafuta, Mama."

"Na huyu mzee?"

"Huyu nilimvusha badala yako."

Mama akamtazama babu, babu akainama kwa adabu.

"Haya. Na huyo Mama Mukwee anayetangazwa huko juu, mmempata? Masikini, nimemwonea huruma. Mtu mzima kupotezana na mwanawe ugenini."

Kinyozi akaangalia viatu vyake. "Ni wewe, Mama."

"Mimi?"

"Waliniuliza jina."

"Ukawapa hilo?"

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Taratibu akaona jambo lile linavyomwingia Mama, linashuka, linafika chini. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama Mama usoni. Ilikuwa vigumu kusema kama ni hasira au kama anazuia kicheko. Uso ule hakuuzoea.

Begi likalia. Mama akanyoosha mkono. Kinyozi akatoa simu, akaishika kidogo kabla ya kuiachia.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nakuomba. Kupotea mwambie. Babu mwambie. Lakini hilo la jina liishie hapahapa, kati yangu na wewe."

Mama akaichukua simu, akaifuta kioo kwa ncha ya kilemba, akabonyeza kitufe cha kijani.