Kipimo cha Bwana Robinson

Kiganja cha Bwana Robinson kilikuwa wazi juu ya meza, kikiingojea flashi yenye kazi ya jaribio. Nasambu alikuwa ameifumbata kama aliyeshika kaa la moto asiyetaka kulitupa.

Tangu ahitimu Chuo Kikuu cha Maseno, alikuwa amebisha milango ya Kisumu hadi vifundo vikafa ganzi. Kampuni ya Robinson ilipotangaza kutafuta watengenezaji wa tovuti, ilimpa kila mwombaji jaribio la kwenda kufanyia nyumbani. Nasambu alitengeneza ukurasa wa malipo wa duka la samaki, akautia moyo wake wote. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la nje, Amrit, mwombaji mwenzake, alimwonyesha kazi yake: ukurasa wa kikapu cha mnunuzi. Rangi zilikuwa zile zile, nembo ya sangara ile ile. Msichana wa pembeni alikuwa na orodha ya bidhaa za duka hilo hilo. Amrit alicheka bila furaha, akasema ameona bango la duka hilo mtaani Kondele, likiwaahidi wateja kwamba tovuti yake i karibu kufunguliwa. Waligawiwa vipande, nguo ilikuwa moja.

Sasa, mbele ya meza ya Robinson, Nasambu aliuliza kwa upole duka lile ni la nani. Robinson akajibu kwamba ni mfano tu. Alipotajiwa bango, aliinuka akafunga mlango.

"Dada, kazi yako ndiyo bora," alisema kwa sauti ya chini. "Ilete, Jumatatu uanze. Hao wengine tutawashukuru."

Moyo ulimruka. Kule Muhoroni, mama yake alikuwa amekwisha kuliombesha kanisa zima ili apate kazi. Lakini kupitia kioo cha mlango alimwona Amrit akinyoosha tai yake kwa kiganja, akijiandaa kutoa bure kilichokwisha kuuzwa. Akang'amua kwamba akikubali leo, kesho yeye ndiye atakayetumwa kuwakusanya waombaji wengine na kuwachukulia kazi bure.

"Nipime kwa kazi isiyo ya mteja," alisema. "Hapa hapa, machoni pako. Hii ukiitaka, inunue."

Robinson alimkumbusha kwamba Kisumu ni ndogo, na jina huharibika upesi. Nasambu akamjibu kwamba hata jina la kampuni huharibika.

Alitoka, akasimama mbele ya benchi.

"Si mtihani," aliwaambia wote. "Ni kazi ya mteja wa Robinson, nasi tunamfanyia bure."

Nyuma yake Robinson aliliita jina la Amrit, kisha akaliita tena. Amrit alikuwa amekwisha kusimama, lakini hakuwa ameuelekea mlango.