Ukurasa Uliokataa Kupigwa Picha

Kamera iligoma saa nne asubuhi, na wa kwanza kulaumiwa alikuwa panya.

Mama Picha alipiga magoti chini ya meza, akaupitisha waya wote vidoleni, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kamera. Haukuwa na alama hata ya jino moja. Akainuka, akajipangusa vumbi, akabonyeza tena kitufe cha kupigia kwenye skrini. Kamera ilifungwa juu ya nguzo, jicho lake likitazama chini mezani. Ikatoa mlio wa zii-zii, zii-zii, kisha kimya. Kwenye skrini yakaja maneno yale yale: picha haikupigwa.

"Haya bibiye, umeamkia upande gani leo?" akaiuliza.

Hospitali ilikuwa imemwajiri kuvipiga picha vitabu vya zamani vya wodi ya wazazi kabla havijaoza. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, chenye dirisha moja na meza moja, na taa mbili zenye shingo ndefu. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kupiga kurasa arobaini za kitabu cha miaka thelathini na moja iliyopita, bila tabu yoyote. Sasa ukurasa wa arobaini na moja umemkwamisha.

Kando yake aliketi mkunga mstaafu, aliyeitwa aje kusoma miandiko ambayo vijana hawakuiweza. Kutwa nzima ya jana alikuwa na maneno kama redio: huyu alizaliwa kichwa kikubwa, yule mama yake alimtukana daktari. Lakini tangu ukurasa huu ufunguliwe, hakutia neno.

Mama Picha akafunua ukurasa uliofuata, akabonyeza. Ka-chak! Picha ikapigwa, safi kabisa. Akarudi nyuma. Zii-zii, kimya. Akafunua mbele: ka-chak. Akarudi: kimya.

"Mama, unaona maajabu haya? Inachagua!"

"Uruke huo, mwanangu," mkunga akasema bila kuinua macho. "Hauna kitu."

Kweli ulikuwa mweupe. Vitabu vya mwaka ule havikuwa hata na mistari. Zilikuwa karatasi tupu zilizoshonwa pamoja. Lakini agizo la kazi lilikuwa wazi: kila ukurasa upigwe, wenye maandishi na usio nayo. Na hata bila agizo, Mama Picha si mtu wa kushindwa na chombo halafu alale usingizi. Akabadili betri. Akatoa kadi, akairudisha. Akazima kamera, akahesabu hadi ishirini, akaiwasha. Wapi!

Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi wa kompyuta ghorofa ya juu. Akaja na waya mpya shingoni kama mganga na hirizi.

"Shikamoo mama," akamwamkia mkunga, kisha akamgeukia Mama Picha. "Shemeji, umeifanya nini kamera ya watu?"

"Nimeipikia vibaya. Tengeneza, uache maneno."

Fundi akachomoa waya wa zamani, akachomeka mpya. Kitabu kilikuwa kinajikunja, akakilaza kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akabonyeza. Ka-chak!

"Waya!" akatangaza. "Nilijua tangu nikiwa ngazini. Lete soda."

Akaondoa mkono, akabonyeza mara ya pili ili afunge kesi. Zii-zii. Kimya.

Wakatazamana. Fundi akahamisha waya kwenye tundu jingine la kompyuta, akaweka kalamu yake juu ya kitabu, akabonyeza: ikapiga. "Basi ni tundu," akasema, akaichukua kalamu akaitia mfukoni. Mama Picha akabonyeza: haikupiga. Wakaizima kompyuta, wakaiwasha. Mkunga akainama kutazama, miwani yake ikamponyoka ikatua kitabuni. Fundi akabonyeza, ikapiga. Mkunga akaokota miwani, ikakataa.

Mama Picha alikuwa akiandika kila jaribio kwenye karatasi: waya mpya, ndiyo, waya mpya, hapana, tundu la pili, ndiyo, tundu la pili, hapana. Akaisoma karatasi ile kutoka juu hadi chini. Haikuwa na mbele wala nyuma. Ugonjwa ule ule, dawa ile ile, mgonjwa anapona na kuzidiwa katika dakika moja.

"Mimi sielewi," fundi akakiri, na kwa mtu kama yeye lile lilikuwa neno zito. "Shemeji, nakwambia ukweli wa Mungu, sielewi. Ngoja nikatafute kamera nyingine."

Alipotoka, chumba kikapoa. Mkunga akafuta miwani yake kwa pindo la kitenge, akafuta tena, mpaka Mama Picha akajua kuwa si miwani inayofutwa.

"Mama, ukurasa huu una nini?"

"Ulinifukuzisha wodini," mkunga akasema. "Wiki ile wino uliisha. Nikawa naandikia dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda. Nachovya kalamu ya nibu, naandika. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kitabu kilikaa dirishani, wazi. Baada ya miezi miwili akaja mkaguzi, akafunua, akakuta peupe. Akaniuliza, watoto wa wiki nzima wako wapi? Nikasema niliwaandika. Akasema, uliwaandika ndotoni. Nikahamishiwa chumba cha kufulia, miaka minne."

"Lakini uliwaandika."

Mkunga akairudisha miwani usoni. "Mwanzoni nilikuwa na hakika. Lakini ukiambiwa jambo na watu wote, mwaka baada ya mwaka, hata mumeo nyumbani anakwambia labda ulichoka... Nilikuwa nalala saa tatu kwa siku. Siku hizi mwenyewe sijui. Huenda kweli sikuandika."

Mama Picha alikuwa na kamera asiyoielewa, na sasa mzee asiyejielewa. Kwa kukosa la kufanya, akafungua kwenye skrini picha tatu zilizokubali kupigwa. Ya kwanza ilikuwa na kiganja cha shemeji yake katikati. Ya pili, kalamu. Ya tatu, miwani.

Akazitazama kwa muda, kisha akavuta karatasi mpya nyeupe isiyo na hata nukta, akaifunika juu ya kitabu. Zii-zii, kimya. Akaweka ufunguo wake juu ya karatasi. Ka-chak! Akauondoa. Kimya.

"Ala! Kumbe haioni!" akasema kwa sauti.

"Nani haoni?"

"Kamera, mama. Kabla ya kupiga ni lazima ilenge, na ili ilenge inatafuta mahali pa kushika: herufi, mstari, kidole, chochote. Ikikuta weupe mtupu inapapasa, ule ndio mlio wa zii-zii, halafu inakataa kupiga. Waya hauna kosa. Wala panya, maskini."

Akaweka rula kwenye ukurasa, akaiacha kamera ilenge juu ya tarakimu zake, kisha akasukuma kitufe kidogo ubavuni mwa lenzi, kile cha kuiambia isijilenge tena. Akaondoa rula. Akabonyeza. Ka-chak!

Wakainamia skrini wote wawili. Ukurasa mweupe. Akaongeza giza la picha mpaka mwisho. Yakatokea mawingu ya rangi hafifu, kama doa la chai lililofuliwa, wala hukuweza kusema kuwa ni herufi.

"Si nilikwambia," mkunga akasema taratibu, akaanza kukusanya mkoba wake.

"Ulisema kalamu ya nibu?"

"Ya chuma. Ilikuwa inakwaruza kama kucha za kuku."

Mama Picha akazima taa moja. Ile nyingine akaivuta shingo mpaka ikalala karibu na meza, mwanga ukaupita ukurasa kwa ubavu. Akafunga pazia. Akabonyeza.

Rangi ilikuwa imeliwa na jua la dirishani, lakini chuma kilikuwa kimepita pale. Mikwaruzo ilijaa kivuli, ukurasa mzima, mstari chini ya mstari: tarehe, saa, jina la mama, uzito, mvulana, msichana. Kumi na saba.

Mkunga alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaweka kidole juu ya herufi moja.

"Hii K yangu," akasema. "Naivutia mkia. Mwalimu wangu alikuwa akinichapa kwa ajili ya mkia huu." Kisha akakaa kitini kwa kishindo, akalia, naye akawa anacheka humo humo, hata Mama Picha asijue amshike bega au amwache. "Mapacha! Nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na mapacha."

Fundi aliporudi na kamera ya kuazima aliwakuta wamekumbatiana katika nusu giza, akabaki mlangoni ameduwaa.

"Kuna msiba?"

"Kuna watoto," mkunga akamjibu. "Kumi na saba. Shika kalamu, mwanangu, uandike ninavyosoma."

Walisoma mpaka saa saba. Mstari mmoja tu uliwashinda, mikwaruzo miwili juu ya mmoja, na mkunga hakukubali wabahatishe; wakaacha nafasi wazi. Nakala wakaipeleka kwa mkuu wa kumbukumbu. Aliitazama sana, akaomba aachiwe. Mkaguzi yule alikuwa amekwisha kufa, hivyo hapakuwa na wa kuomba radhi. Mkunga akasema yeye hahitaji radhi, anahitaji nakala moja kubwa ya kumwonyesha mumewe.

Mchana waliendelea na kazi, na kamera ikapiga kila kitu bila kunung'unika. Walipofika ukurasa wa tisini, Mama Picha akaikuza picha moja kwenye skrini, akashtuka. Ilikuwa na ukungu. Akafungua iliyotangulia: ukungu. Na ya kabla yake.

"Sasa imepatwa na nini tena?" mkunga akauliza.

Mama Picha akakitazama kile kitufe kidogo cha lenzi, ambacho hakuwa amekirudisha ili kamera ijilenge tena, akajipiga kofi la paji la uso.

"Si yeye, mama. Ni mimi. Turudi arobaini na mbili."