Kisigino cha Mama Gaudiosa

Uliona. Usinitazame hivyo, uliona. Ulikuwa kwenye kichanja chako unageuza kahawa, gari la wagonjwa likazima pale mlimani, dereva Bernadi akashuka anapunga mikono. Nawe ukainama kuchambua punje mbovu kana kwamba dunia nzima imo kwenye kile kichanja. Ndani ya gari alikuwa Ephrasia, binti wa mama Gaudiosa, na uchungu umemkaza. Akajifungulia kwenye nyasi za kando ya barabara. Mtoto hakulia. Jioni ukaja msibani, ukala ugali, ukasema kazi ya Mungu.

Kazi ya Mungu! Mungu anafunga nyaya?

Wakubwa wa wilaya wakaja na mashati yaliyonyooshwa. Wakaliendesha lile Landkruza kuukuu tulilorithi kwa masista, tupu, hadi barabara ya Kingerikiti na kurudi. Halikuzima. Wakatamka: gari ni zima, Bernadi anauza dizeli kisha anasingizia injini. Na kwa kuwa hatujui kulitunza, Jumamosi litachukuliwa likafanye kazi mjini. Ulikuwepo mkutanoni. Ulikuwa unatazama viatu vyako.

Basi mimi Isidori, mnayeniita mgomvi, nikamfuata Luisa, fundi umeme wa magari pale Mbinga.

"Nimesikia habari zako," akasema. "Wanadai mdomo wako ukifungwa kwenye gari, betri haiishi."

"Panda pikipiki, dada. Utanitukana njiani."

Alipofika hakugusa injini kwanza. Alimwuliza Bernadi kinachotokea.

"Fyuzi inakatika. Naweka nyingine, inakatika. Nikishamshusha mgonjwa, naweka nyingine, inakaa. Wananiita mwizi kwa hilo."

"Fyuzi hiyo ndiyo inalisha kifaa kinachofungua dizeli," Luisa akasema. "Ikifa, injini imekufa. Kuna waya mahali fulani unagusa bati." Akachomoa fyuzi, mahali pake akafunga balbu. "Nuru ikiwa hafifu, salama. Ikiwaka kwa nguvu, tumemkamata mchawi."

Tukalitikisa gari lile kama mwembe wa jirani. Honi, waipa, taa za nyuma. Balbu ikabaki inafifia kama jicho la mlevi.

"Huyo mgonjwa huwa amekaa au amelala?"

"Amelala."

Sote tukageukia kitanda cha nyuma. Hakuna aliyesogea. Unajua mwenyewe: kwetu mtu mzima wa afya halali pale. Wengi wameteremshwa kutoka kitanda kile wamefunikwa shuka gubigubi, na kulala bila ugonjwa ni kujitandikia kifo. Bernadi alipiga ishara ya msalaba.

"Isidori," Luisa akasema, "si wewe shujaa wa mikutano?"

Nikaleta gunia la mahindi, nikalilaza.

"Shujaa kaleta gunia!" Alicheka mpaka akashika mlango. Balbu haikubadilika.

Mama Gaudiosa alikuwa amesimama uani mwa zahanati, kitambaa cha msiba bado kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ondoeni hilo gunia."

"Mama, pale si mahali pa—"

"Mwanangu alilala. Mimi ni nani?"

Akapanda, akalala chali. Balbu vilevile. Luisa, safari hii bila mzaha, akamwambia, "Asante, mama. Shuka sasa."

"Bado. Nilikuwa naye humu, nimemshika kichwa. Gunia halina uchungu. Yeye alikuwa anasukuma hivi."

Akakaza visigino kwenye ubao wa miguuni, akasukuma.

Balbu ikawaka. Ikawaka kweupe, Bernadi akarudi nyuma.

"Achia, mama." Ikafifia.

"Sukuma." Ikawaka.

Luisa alikwisha kuona alichotaka, lakini mama Gaudiosa aliendelea kusukuma, machozi yakimwingia masikioni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia inatosha. Alikuwa amekwisha kuelewa kabla yetu. Kila Ephrasia alipopigania mwanawe, alikuwa analizima gari lililombeba.

Ubao ulipofunguliwa, waya mwekundu ukatokea nyuma yake, umekatwa kwa kisu, shaba nje, umebanwa karibu na chuma. Luisa akaufuata chini ya mkeka, ukutani, hadi darini, kwenye matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa sabuni.

"Huu si waya wa gari. Nani kaufunga?"

Mimi sisahau. Wakati wa kampeni wakubwa haohao walilichukua gari la wagonjwa, wakafunga vipaza sauti juu yake, wakazunguka nalo kutoka Matiri hadi ziwani wakituahidi, sikiliza vizuri, huduma za afya! Walipomaliza wakakata vipaza sauti vyao wakaondoka, moto wa umeme wakauacha kwenye waya. Siku ile nilisema gari hili si ngoma. Ukaniambia, "Isidori, acha wivu," ukalifuata nyuma unacheza.

Luisa akauondoa waya wote, akarudisha fyuzi. Mama Gaudiosa akalala tena, akasukuma ubao kwa nguvu zake zote, na Bernadi akampandisha mlima uleule mpaka juu. Injini haikukohoa.

Nikawapigia wakubwa, nikawaeleza yote: waya, kampeni, Bernadi si mwizi. Sauti ikajibu bila hata pole, "Vizuri. Kama limepona, Jumamosi tunalichukua likiwa zima."

Jumamosi ndiyo leo. Mama Gaudiosa amekaa chini mbele ya gurudumu, ule waya mwekundu ameuzungusha kiganjani. Ephrasia, ambaye hajapata nguvu vizuri, ameegemea bampa. Luisa hajarudi Mbinga. Na gari la wakubwa limeshaonekana Kingerikiti, linakuja.

Wanawake wawili, fundi, dereva na mgomvi mmoja, watatusogeza pembeni kama kuku. Kijiji kizima hawakiwezi. Sitaki pole yako, wala sitaki unisifu kesho kwenye kilabu. Funika hicho kichanja. Mwite mkeo, mwite jirani yako mwenye mimba. Njoo ukae hapa mbele ya gurudumu, sasa hivi, kabla hawajafika kwenye kona.