Mtakatifu Haombewi

"Wewe si ndiye uliyesimama Jumapili mbele ya watu wote ukasema utamsaidia?"

"Mimi? Masikio yako yana kutu kama saa zako! Nilisema nitamwombea. Na nikamwombea, mpaka magoti yakaota sugu."

"Basi kakae na mgonjwa kwa magoti hayohayo!"

Walikuwa wanarushiana maneno uani, Redio na Fundi Saa, na asubuhi yenyewe ilikuwa haijaisha. Redio aliuza viatu vya mitumba, na jina hilo hakupewa bure. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana imeshafika mtaa wa tatu, tena imenenepa njiani. Fundi Saa alikuwa mwanamume mjane wa chumba cha jirani, mwenye mikono myepesi kwenye vijigurudumu vya saa na mizito kwenye kila kitu kingine.

Mwenye shida alikuwa ndani, dirisha wazi, anasikia yote. Kazi yake ilikuwa udobi, lakini hakuna aliyemwita Dobi tena. Mtaa mzima ulimwita Mtakatifu.

Begi lake lilikuwa mlangoni, na juu ya begi hotipoti ya wali na maharage. Maharage ameyapika mpaka yamekuwa uji, hayana pilipili, maana mama yake mzazi hakuwa na jino hata la kuazima. Mama huyo alikuwa hoi nyumbani kwa mdogo wake Mtakatifu, mji wa mbali. Simu ilikuwa imemkuta anapiga pasi: "Dada, mama anakuulizia wewe tu. Kila anayeingia anamwita kwa jina lako." Basi lilikuwa linaondoka mchana. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu, wa kukaa na mama mkwe mpaka arudi.

Mama mkwe hakuinuka kitandani. Kiharusi kilimchukua miguu na mkono mmoja, kikamwachia ulimi, nao ulimi ukachukua kazi za wenzake wote. Mwanawe, ndiye mume wa Mtakatifu, alikuwa dereva wa lori. Alikwenda kutafuta riziki, riziki ikamtafutia mke mwingine hukohuko, na hata salamu hatumi.

"Nenda, mwanangu," mama mkwe alisema. "Nitakufa kidogo tu. Ukirudi nitafufuka."

Kinywa kilisema nenda, lakini mkono mzima ulikuwa umeshika pindo la gauni la mkwe wake, umelikunja ngumi.

Jina la Mtakatifu lilitoka kwa Redio, na lilitoka kwa nia njema. Zamani kidogo, majirani walipomwona Dobi anahangaika na blanketi la mgonjwa, mmoja angeweka kando ndoo yake na kushika upande wa pili, wakalinyonga pamoja mpaka maji yote yatoke. Blanketi lililolowa halikamuliwi na mtu mmoja. Siku moja Redio akasimama kizingitini, mkono kifuani, akasema kwa sauti yake ya kutangaza: "Jamani, huyu si mtu, huyu ni mtakatifu!" Tangu siku ile hakuna aliyeshika tena upande wa pili. Walisimama kumtazama, wakitikisa vichwa kwa heshima, yeye akikanyaga ncha moja kwa mguu na kunyonga nyingine kwa mikono. Kanisani kwao kulikuwa na sanamu ya plasta iliyoinua mkono, kidole kimoja kimevunjika. Aliwahi kuitazama katikati ya mahubiri akajiuliza kama kuna mtu aliyewahi kuiletea kiti.

Sasa alitoka uani, na wakati huohuo Katekista akaingia, amevaa viatu vyake vya Jumapili siku ya kazi.

"Katekista, Jumamosi nilikwambia nini?"

"Ulisema, 'Niombee kwenye jumuiya, nina safari.' Nami nikakuombea, mama. Nilimwombea dereva, nikayaombea matairi, mpaka breki nilizitaja."

"Nilitaka uniombee mtu! Uwaombe kwa niaba yangu, apatikane mtu wa kukaa na mama."

Katekista alibaki mdomo wazi. "Sasa si ungesema mtu? Kanisani ukimwambia mwenzio 'niombee', unategemea afanye nini?"

Fundi Saa aliangua kicheko, na Redio akapiga makofi. "Mwenzenu nilishangaa tangu siku ile! Mtakatifu anaombewa wapi? Mtakatifu haombewi! Yeye ndiye tunayemwambia, utuombee!"

"Kwa kawaida hutangazwa wakishakufa," Katekista alisema, amefurahi kupata la kufundisha. "Lakini wapo wanaoanza mapema."

"Na anayetaka kuacha?" Mtakatifu aliuliza.

"Kuacha nini, mama?"

"Huo utakatifu. Mtu akiuchoka anaurudisha wapi?"

Walicheka mpaka Redio akajifuta machozi. Hakuna aliyegundua kwamba aliyeuliza alikuwa anasubiri jibu.

Akamgeukia. "Redio, kaa na mama. Siku chache tu."

"Mimi? Dada yangu, mgongo huu! Halafu ile unayofanya ni karama, si kazi. Mungu hakunipa. Nitamuua mama wa watu bure."

"Fundi?"

"Mwanamume mzima nimwogeshe mama yako mkwe? Mtaa utasemaje? Na huyu Redio yupo hapa, anasubiri kusema."

Katekista alikohoa. "Jumapili nitaliweka mbele ya jumuiya."

"Basi ni la leo, Katekista."

Mtakatifu hakusubiri zaidi. Akaingia ndani, akaufungua ule mkono wa mama mkwe, uliodaka pindo tena, kidole kimoja kimoja, akachukua begi na hotipoti, akatoka. Alivuka ua. Alishika komeo la geti. Ndipo mama mkwe alipopaliwa, kile kikohozi cha mate kushuka njia mbaya, kinachotaka mtu amgeuze upesi na kumpiga kati ya mabega. Akageuka kuwatazama. Walikuwa wamesimama palepale, watatu, wala hawakumtazama kwa ubaya. Walimtazama kama watu waliokwisha kulipia tamasha.

Akaweka begi na hotipoti chini, akarudi mbio.

"Mnaona?" alimsikia Redio nyuma yake, sauti imelainika. "Nilisema mimi."

Alipomaliza kumgeuza na kumfuta, honi ya basi ililia kule barabara kuu, ndefu, ikaishia mbali. Alikuwa bado ameketi ukingoni mwa kitanda simu ilipoita.

"Dada, umeshapanda?"

"Bado."

 Nyuma ya mdogo wake kulikuwa na watu wanaongea kwa pamoja.

"Basi usijisumbue kukimbia," alisema. "Hakuna haraka tena, dada."

Redio alizipata habari kupitia dirishani kabla simu haijashushwa. Akapiga yowe. Na hapo, ungewaona! Fundi Saa akachukua begi kule getini na kulipangusa vumbi. Katekista akaanza kuhesabu kina mama wa jumuiya watakaopokezana zamu. Redio, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona ghafla, alisema kwa kilio, "Nenda ukamzike mama, dada yangu! Basi la jioni lipo. Huyu mwachie mimi, hata wiki nzima!"

Kwa maiti, mtaa mzima ulikuwa na nguvu.

Mtakatifu hakulia. Alitaka kulia, lakini dirisha lilikuwa limejaa macho, akajua hata hilo litasimuliwa: alivyopokea msiba, mkavu, kama walio karibu na Mungu. Na angepiga kelele, angewatukana mmoja mmoja na mama zao, wangesema ni uchungu, maskini, mtakatifu wa watu. Hakukuwa na neno lililobaki ambalo lingekuwa lake.

"Nasikia harufu ya maharage," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo.

Akatoka kuichukua hotipoti getini, akarudi, akaifungua. Mvuke ukapanda. Maharage yale laini, yasiyo na pilipili, ya mtu asiye na meno. Akamlisha kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu. Bado chakula kilibaki kingi, cha watu wawili, mama na mwanawe, wasioonana siku nyingi. Hakikuweza kulala, joto lile lingekichachua.

Redio alikuwa kizingitini palepale alipowahi kusimama, mkono kifuani, haingii, haondoki. Midomo yake ilikuwa imeanza kucheza. Habari ilikuwa tayari inanenepa.

Mtakatifu akachukua sahani ya pili.

"Ingia," alimwambia. "Ingia ule, kinapoa."