Lekteri Isiyo na Ukubwa

Évariste alikuwa mtunza vifaa wa shirika dogo la maji lenye ofisi mtaani Nyawera, juu ya duka la vitenge. Alikuwa mtu wa uhakika. Hata viti alivihesabu mara mbili. Mwezi wa tatu fomu ikafika kutoka makao makuu Kinshasa: kila ordinateri, yaani kompyuta, ielezwe, na kila sehemu yake ya kuhifadhi au kusoma iandikiwe ukubwa.

Ordinateri ya sekretari, Maman Cibalonza, ndiyo peke yake iliyobaki na lekteri, kile kisahani kinachotoka nje kupokea sidii. Évariste akatazama kwenye skrini, akaona mega 612, akaandika.

Kesho yake akarudi kuhakikisha. Giga 4.3.

"Maman Cibalonza, nani alibadilisha lekteri?"

"Hakuna mutu, Papa."

"Jana ilikuwa ndogo. Leo imekomea mara saba."

Cibalonza akasema yeye hajui habari za lekteri kukua, akaendelea na barua yake. Évariste akaleta skochi, utepe wa gundi, akaziba kila mahali ambapo mashine ingeweza kufunguliwa, akasaini juu ya skochi kwa kalamu nyekundu.

Siku ya tatu skochi ilikuwepo na saini ilikuwepo. Lakini mahali pa namba palikuwa patupu. Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, Papa Floribert.

"Directeur, wameiba hata ile yenye ilibakia."

Floribert akaja, miwani juu ya paji la uso. Cibalonza aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho, kisha akatoa sidii mbili kwenye mtoto wa meza.

"Juzi nilikuwa nasikiliza kwaya ya paroisse, ya kanisa letu. Jana niliweka video ya ndoa ya Aurore, mutoto wa dada yangu. Leo sikuweka kitu."

Akaziingiza moja baada ya nyingine mbele yao. Mega 612. Giga 4.3.

"Ordinateri yenyewe haijue kitu," akasema. "Inauliza lekteri. Lekteri inasoma mwanzo wa sidii, hapa karibu na tundu, kwenye imeandikwa vitu viko ngapi ndani. Kama hamuna sidii, inajibu hamuna. Ukubwa ni ya sidii."

"Na lekteri iko na ukubwa gani?" Évariste akauliza.

"Haina."

"Kila kitu kiko na ukubwa, Maman."

"Mulango wa kanisa unaingiza watu ngapi, Papa?"

Évariste akaanza kupiga hesabu, kisha akaiacha.

Ila fomu haikupokea maneno, namba tu, wala haikukubali kutumwa na nafasi tupu. Floribert akaamuru sifuri. Évariste akaandika sifuri, moyo wake ukikataa. Baada ya wiki moja Kinshasa wakajibu: lekteri yenye ukubwa sifuri imekufa, itolewe, ivunjwe mbele ya mashahidi wawili.

Alisoma barua hiyo mara mbili, akaenda kusimama mlangoni kwa Cibalonza.

"Maman, unipe sidii moja."

"Ya kwaya ama ya ndoa?"

"Yenye iko kubwa."

Akaandika giga 4.3 na kutuma kama sahihisho. Kesho yake Kinshasa wakashukuru kwamba lekteri imetengenezwa, wakataka jina la fundi. Évariste akafikiri kwa muda mrefu, akaandika: Cibalonza, sekretari. Kisha akaenda kula.