Damu Iliyokataa Kuganda

Telesfori aliwachukia wakimbizi kwa sababu alizoweza kuzionyesha kwa kidole. Mikaratusi aliyoipanda na marehemu baba yake, mingi ilikuwa imebaki visiki. Mbuzi wake alitoweka zizini. Hata kisima cha Lukole, tangu kambi ya wakimbizi ya jirani ijae Warundi, kilikuwa tope tupu. Kwa hiyo asubuhi ile alipomkuta mwanamke katikati ya shamba lake, kajitwisha mzigo wa kuni mbichi, hakumwamkia.

"Tua! Tua kabla sijakutua mwenyewe!"

Mwanamke alitua. Alikuwa mtu mzima, mkavu, na jina lake, kama Telesfori alivyokuja kulisikia baadaye, lilikuwa Niragira. Kirundi chake na Kihangaza cha Telesfori vilikaribiana kiasi kwamba hakuna tusi lililopotea njiani.

"Wajukuu zangu wanakula maharage mabichi," alisema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningerudi kwetu."

"Kwetu wanachinja watu."

"Basi na hapa mtatumaliza kwa kutukatia miti!"

Aliinua panga akaushukia mzigo ule kwa hasira, akitaka kukata kamba. Panga likateleza juu ya gome bichi, likamwingia yeye mwenyewe kwenye muundi. Alikaa chini bila kupenda. Damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye vidole.

Niragira aliitazama njia ya kambini. Ilikuwa tupu, angeweza kuondoka zake. Badala yake alisonya, akainama ukingoni mwa shamba akachuma majani ya kishona nguo, ambayo kwao huitwa inyabarasanya. Akayafikicha viganjani mpaka yakatoa maji ya kijani.

"Usiniguse, mchawi wee!"

"Nyamaza. Ukifa hapa, nitaambiwa nimekuua."

Alikamulia yale maji kwenye jeraha, akalisokomeza jani lililopondeka humo humo, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Telesfori alipiga ukelele. Damu ilipungua, lakini haikukoma. Ilizidi kuchuruzika kati ya vidole vya yule mama, nyepesi kama maji, na uso wake ukabadilika.

"Damu hii ingekuwa imeshaganda sasa hivi. Unakunywa dawa gani?"

"Yakuhusu nini?"

"Unakunywa nini, mwanamume?"

Telesfori alihisi baridi katikati ya jua. Akajibu kwamba ana presha, na kila asubuhi mkewe humchemshia vitunguu saumu na tangawizi, kikombe kizima, na yeye mwenyewe huongezea asprini ya dukani ili dawa ifanye kazi upesi. Niragira alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akaufunga mguu kwa kukaza, akaita kwa sauti kubwa mpaka Claudia, mke wa Telesfori, akaja mbio kutoka nyumbani. Walimpandisha mgonjwa kwenye baiskeli, Claudia akaikokota hadi zahanati.

Tabibu Faustini alipofungua kitenge alianza kwa kugomba. "Majani ya porini kwenye kidonda! Unataka pepopunda?" Alisafisha, akashona, akadunga sindano. Kisha akaangalia tena kingo za jeraha, akasema polepole kwamba majani yale yamesaidia kubana mishipa midogo, na kitenge kimesaidia zaidi. Claudia alipomtajia kikombe cha kila asubuhi, akatikisa kichwa. "Lakini saumu nyingi, tangawizi, na asprini juu yake? Vyote hivyo vinaizuia damu isigande. Ungekuwa peke yako shambani, tungekuja kukuzika. Acha hivyo vikombe, nitakupa dawa ya presha."

Waliporudi walikuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji. Niragira alikuwa amekalishwa chini, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba. Gervasi, kamanda wa sungusungu na jirani wa Telesfori, alikuwa amesimama juu yake na fimbo.

"Tumemkamata na damu yako mikononi," Gervasi alisema. "Kakukata, kisha kakutia sumu ili isikome. Sema tu 'ndiyo', Telesfori, tuwaoneshe hawa wageni."

Watu walimgeukia. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kwa neno hilo wakimbizi wangeogopa kurudi, na pengine mikaratusi iliyobaki ingepona. Alimtazama yule mama, naye akamtazama vilevile, bila kuomba.

"Nimejikata mwenyewe," Telesfori alisema. "Majani yake yaliizuia damu. Nilichokuwa nakunywa ndicho kilichoiachia. Mfungueni."

"Na kuni?"

"Kuni kaiba. Hilo ni kweli. Lakini hakunikata."

Gervasi alitema mate karibu na gurudumu la baiskeli. "Umeshakuwa Mrundi."

Walimfungua, ila kuni walibaki nazo. Niragira alisimama akipapasa vifundo vya mikono. Claudia alimrudishia kitenge chake, kimeloa damu, akaanza kusema asante. Mama yule hakuipokea ile asante.

"Nisikuone tena shambani kwangu," Telesfori alimwambia, na sauti yake haikutoka kali kama alivyotaka.

"Nitakuja kesho," alijibu Niragira. "Watoto watakula nini?"

Akaondoka kuelekea kambini. Nyuma yake watu walitawanyika, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia Claudia kusukuma baiskeli.